Sikio Lilitaka Jina la Tatu

Sikio likauliza tena, kwa ile sauti yake ya upole iliyopikwa makusudi isimtishe mtu.

"Jina la tatu?"

Udamarit akanyamaza. Alikuwa amekaa kwenye benchi la chuma mbele ya kabati la dawa, mwanawe kamlalia mapajani, shuka moja limewafunika wote wawili ingawa nje jua lilikuwa linachoma. Mtoto alikuwa akihema kwa shida, kifua kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyetoka kukimbizwa. Jina la kwanza, Gidageida, mama alilitaja kwa sauti safi. La pili, Gejaru, la mumewe marehemu, alilitaja huku ametazama chini. Sikio liliyapokea yote mawili na taa mbili za kijani zikawaka juu ya mlango wa kabati. Ya tatu haikuwaka.

"Jina la tatu?"

Nakunda Mbwambo, mhandisi aliyetumwa kutoka makao makuu kuja kulisimika Sikio hilo, alisimama pembeni na kishikwambi chake mkononi, hasira inaanza kumpanda. Hakuelewa. Mama ana mtoto wa homa ya vumbi, homa inayoziba mapafu ya mtoto kabla jua halijazama. Dawa iko nyuma ya kioo, anaiona kwa macho yake. Kinachotakiwa ni neno moja tu, sasa ugumu uko wapi?

"Mama Gidageida," alisema, "linataka jina la babu yake mtoto. Baba yake mume wako. Litaje tu, kabati litafunguka."

"Najua linachotaka," Udamarit alijibu. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha mtu aliyekaa darasani. "Siwezi."

"Umelisahau?"

Udamarit akamtazama, na Nakunda hakuupenda mtazamo ule. Ndivyo anavyotazamwa mtoto aliyeuliza jambo la aibu mbele ya wageni.

Tabibu Tluway, mwenye kituo, akakohoa. Alikuwa mtu wa Mbulu, mvi zimeanza kumtoka kidevuni, na alikuwa amewatibu Wadatoga wa bonde la Balangida kwa miaka mingi kiasi cha kujua mbuzi wa nani anaumwa. Akamgusa Nakunda kiwiko, wakatoka barazani.

"Mhandisi, usimsukume. Mwanamke wa hapa akishaolewa hataji jina la baba mkwe. Akiwa hai hamtaji, akifa ndiyo kabisa. Hata neno la kawaida likikaribiana na jina hilo analikwepa, anatumia jingine. Wanawake hapa wana maneno yao chungu nzima kwa ajili hiyo tu."

"Wewe ulikuwa unajua?"

"Kila mtu hapa anajua."

"Mbona hukutuandikia kwenye ripoti ya kituo?"

"Niliulizwa kama umeme upo na kama paa linavuja," Tabibu alisema. "Nikajibu umeme upo, paa linavuja."

Nakunda alitaka kumkasirikia mzee yule lakini hasira haikupata pa kushika. Mbele yao ziwa lilikuwa limebaki chumvi tupu, na upepo ulikuwa ukiichota chumvi ile na vumbi lake kuyaleta kituoni, ndani ya vifua vya watoto.

Tuseme ukweli, Sikio halikutengenezwa na watu wabaya. Lilitengenezwa na watu walioungua. Kulikuwa na wakati katika Shirikisho ambapo sura ya mtu haikuwa na maana tena, wala karatasi, wala alama ya kidole, kwa sababu mitambo ya vivuli iliweza kughushi vyote hivyo kabla chai haijapoa. Dawa zilichukuliwa kwa majina ya watoto wasiokuwepo. Na watoto waliokuwepo walichukuliwa na watu wenye nyaraka safi kuliko za wazazi wao. Kitu kimoja tu ndicho ambacho vivuli vilishindwa kukighushi, nacho ni sauti ya mtu aliye hai, pumzi inatoka kifuani mbele ya mashine. Ndipo likajengwa Sikio. Halisomi wala halitazami. Linasikiliza tu, na linahesabu maneno linayoambiwa lenyewe tu. Mzazi anaweka mkono juu ya mtoto, anataja majina matatu, la mtoto, la baba, la babu. Sikio linayalinganisha na lilichokwisha kusikia kwa ukoo huo, na kuanzia hapo mtoto ana mwenyewe. Mtu mzima ambaye halijamsikia linamwandika papo hapo, pamoja na mtoto wake.

Majina matatu ilikuwa kanuni ya Nakunda. Aliiandika mwenyewe na aliipigania mezani. Watu wa nchi hii wana majina ya kila namna, na alikumbana nayo yote. Kulikuwa na mzee wa kusini mwenye jina moja tu tangu azaliwe. Wakamwambia alirudie mara tatu, akacheka mpaka akakaa chini. Kulikuwa na bibi aliyeitwa Mama Fulani maisha yake yote hata jina lake la usichana ikabidi aulizwe kaka yake. Walikuwepo binamu wa Kikuyu waliobeba majina yaleyale ya babu yuleyule, Sikio likawaona wote mtu mmoja mpaka liliporekebishwa. Yote hayo Nakunda aliyatatua, na alijisifu kidogo. Lakini walipokusanya sauti za bonde hili ili kulifunza Sikio, wanawake walioolewa walifika kwenye swali la tatu wakanyamaza. Vijana wa kukusanya wakaandika kwamba sauti ni mbovu. Mafaili yakamfikia Nakunda, akayafuta yote kwa kubonyeza mara moja, kisha akaenda kula chakula cha mchana. Kimya cha wanawake wale wote hakikumkaa akilini hata dakika moja.

Alirudi ndani, akachuchumaa mbele ya Udamarit ili wasitazamane kwa juu na chini.

"Samahani kwa nilivyosema," alianza. "Sikujua."

"Wageni hawajui."

"Je, ukinong'ona? Sikio linasikia hata mnong'ono. Sisi tutatoka nje. Hakuna atakayekusikia."

"Mimi nitasikia," alisema Udamarit.

"Ni kwa ajili ya mtoto."

"Ndiyo maana." Alimfuta mtoto jasho kwa pindo la shuka. "Dada, wewe unadhani naogopa kusemwa na majirani. Ningesemwa mpaka kesho, ningevumilia. Yule mzee aliniingiza nyumbani kwake kwa maziwa na asali. Jina lake nikilitoa mdomoni ni kama nimemvua nguo mbele za watu, na yuko kaburini, hawezi hata kujifunika. Hilo halinirudii mimi. Linamrudia aliye mdogo kuliko wote katika nyumba yake. Ni nani huyo? Ni huyu hapa. Unaniambia nimponye kwa kitu ninachojua kitamuua."

Nakunda hakuamini mambo hayo. Kwao Upareni bibi yake aliyaamini yanayofanana na hayo, na Nakunda alikwenda shule ili asiyaamini. Lakini alimwona mama yule alivyokuwa amemshika mtoto kwa mikono yote miwili, akaelewa kwamba hapa hapakuwa na ukaidi. Alikuwa mbele ya mtu aliyebanwa huku na huku.

"Hakuna ndugu wa mume? Shemeji?"

"Wamehamisha ng'ombe upande wa kusini kutafuta majani. Kuwafikia ni safari, na kurudi ni safari."

"Na kabati tukilivunja?" Tabibu aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Dawa inajichoma yenyewe," alisema Nakunda. "Tuliiwekea hivyo kwa sababu ya wezi."

Ilibaki njia moja ya halali, nayo haikuwa mikononi mwake. Waliiita kinywa cha pili: mzazi aliyepo anamruhusu mtu mwingine amtajie jina, na Sikio linaendelea kumhesabu mzazi kuwa ni mzazi. Njia hiyo ilikuwemo ndani ya Sikio tangu mwanzo, imefungwa kwa kufuli, na kufuli lenyewe linafunguliwa na sauti ya Mwenyekiti wa Baraza. Mwenyekiti wa Baraza alikuwa Naetwe, dada yake Nakunda, tumbo moja.

Nakunda akatoka tena barazani na kumpigia.

"Mdogo wangu," Naetwe alisema, na nyuma yake zilisikika sauti za ofisi. "Umeshamaliza huko?"

"Dada, nataka ufungue kinywa cha pili. Kwa kituo hiki tu, kwa mtoto huyu tu." Akamweleza yote, kwa haraka, maneno yanagongana.

Naetwe alipojibu, sauti ilikuwa imekauka.

"Hakuna kufungua kwa kituo kimoja. Unajua. Wewe ndiye uliyelijenga. Nikifungua, imefunguka nchi nzima mpaka Baraza likae tena."

"Basi ifunguke nchi nzima kwa leo tu."

"Leo tu. Unajua wanaosubiri leo tu ni akina nani? Wanakaa na watoto wa watu magari yamewashwa, wanasubiri siku mtu mmoja mwenye huruma atakapofungua. Wataleta mwanamke aliyepewa dawa ya kulevya, watasema amekubali, halafu watataja jina wao."

"Dada, mtoto anakufa mbele ya macho yangu."

"Na Kiangi wangu yuko wapi?" Naetwe hakupandisha sauti. "Niambie, Nakunda. Nilimwacha hospitali nikashuka chini kumnunulia uji. Yule mwanamke alisimama pale dirishani na kusema, mama yake amekufa, mimi ndiye niliyebaki naye. Wakampa. Nimerudi na kikombe mkononi wananiambia mimi ni marehemu. Mpaka leo sijui anaitwa nani huko aliko. Nilikuomba nini wewe siku ile?"

Nakunda alijibu polepole. "Uliniomba nitengeneze kitu ambacho mtu hawezi kumdanganya."

"Ukatengeneza. Ahsante. Mwambie huyo mama alitaje jina. Mungu wake atamwelewa."

Simu ikakatika. Nakunda alibaki amesimama na chumvi inamwasha macho. Jambo baya zaidi ni kwamba hakuweza kusema dada yake amekosea. Alifikiria mlango huo ukiwa wazi nchi nzima, hata kwa jioni moja, akaona watoto wanavyopitishwa. Watoto wangapi kwa mtoto mmoja? Hesabu hiyo hakutaka kuifanya, na hata angeifanya, mtoto aliyekuwa ndani bado angekuwa anahema.

Ndani, Tabibu alikuwa amemwekea Gidageida kinyago cha hewa. Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

"Imebaki saa nzima?" Nakunda alimwuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi ningesema chini ya hapo," alijibu Tabibu. "Ningelitaja mimi jina hilo, nalijua, nilimtibu mzee mwenyewe. Ila Sikio halimkubali mtu wa hospitali kuwa mlezi. Hilo nalo mlilifunga."

"Kwa sababu wauguzi walikuwa wanauza."

"Najua. Simlaumu mtu."

Watu wa hospitali hawakubaliki. Lakini mhandisi si mtu wa hospitali. Wazo lilimjia Nakunda taratibu, na lilipokamilika kichwani mwake alikwenda kukaa kwenye benchi, karibu na Udamarit, karibu kabisa, mabega yanagusana.

"Mama Gidageida, nisikilize mpaka mwisho kabla hujajibu. Mimi naweza kuyataja majina yote matatu. Yule mzee si mkwe wangu, ulimi wangu haujafungwa. Lakini Sikio litaniuliza kama mtoto ana mzazi aliye hai. Nikisema ndiyo, litakataa, litataka mzazi mwenyewe ataje. Ili lifunguke, itabidi niseme umekufa."

Udamarit akamtazama mwanawe.

"Nikisema hivyo, mtoto anakuwa wangu. Kwenye maji, shuleni, barabarani, kila penye Sikio, wewe hupo. Halijawahi kukuandika, kwa hiyo mara ya kwanza litakapokujua litakujua kama maiti. Malango ya barabara hayatakuruhusu kupita naye."

"Na ukishasema, hakuna kurudi?"

Nakunda alisita. Kulikuwa na kurudi, na ni yeye aliyeiandika njia hiyo, akiwa na hasira za kuibiwa mtoto wa dada yake. Kabla kikao hakijafungwa, Sikio huuliza mara ya mwisho kama msemaji anathibitisha. Anayekiri hapo kwamba amesema uongo, uongo unafutika, na yeye mwenyewe anafutika pamoja nao. Sauti yake haitambuliki tena popote. Haina rufaa. Alitaka wezi waogope, kwa hiyo hakuiwekea rufaa.

"Kupo," alisema. "Hilo niachie mimi."

Udamarit alimgeuzia uso, akamkagua kwa muda mrefu, kama mtu anayepima ng'ombe wa kukopeshana. Mwishowe akamnyanyua mtoto kutoka mapajani mwake na kumweka mapajani mwa Nakunda. Gidageida alikuwa mzito kuliko alivyoonekana, na joto lake lilipenya kwenye suruali ya Nakunda mara moja.

"Mwambie nimekufa," alisema Udamarit. "Bora nife mimi mdomoni mwako." Kisha akainuka, akajifunika shuka kichwani, akaziba masikio yake kwa viganja na kwenda kusimama kwenye kona, uso ukutani, ili asilisikie jina likitajwa.

Tabibu akainama na kumnong'oneza Nakunda jina lile. Hapa halitaandikwa. Huyo mama alilibeba miaka yote bila kulitamka, si sisi tutakaokuja kulitupa barabarani.

Nakunda aliweka mkono juu ya kifua cha mtoto.

"Sikio, nasema kwa ajili ya mtoto huyu." Akataja la kwanza. Akataja la pili. Akataja la tatu. Taa ya tatu ikawaka kijani, lakini kabati halikufunguka.

"Nakunda Mbwambo," Sikio lilisema, kwa furaha ile ya kitumwa inayokuwa nayo likimsikia mtu linayemjua. "Wewe ni nani kwa Gidageida?"

"Mlezi wake."

"Je, ana mzazi aliye hai?"

Nakunda alimwona Udamarit amegeukia ukuta, kisigino kimoja kimepasuka, vumbi jeupe limejaa kwenye mipasuko. Akamwona na Naetwe, kikombe cha uji mkononi.

"Mama yake amekufa," alisema Nakunda. "Mimi ndiye niliyebaki naye."

Maneno yalimtoka hivyohivyo, yaleyale, hata hakuyachagua.

Kufuli likalia. Mlango wa kabati ukaachia na ubaridi ukawapuliza usoni. Tabibu hakungoja hata mlango ufunguke wote. Aliingiza mkono, akachukua kichupa, akavunja shingo yake, akavuta dawa kwenye bomba la sindano na kumchoma mtoto pajani. Mikono yake ilikuwa inafanya kazi kwa haraka na utulivu mkubwa, na Nakunda alimhusudu kwa kuwa na kazi ya mikono wakati huo.

"Imeingia," alisema Tabibu. "Sasa tungoje."

Wakangoja. Sikio nalo lilingoja, maana lina adabu, halimkatizi mtu akiwa na mgonjwa. Nakunda alisikiliza pumzi ya mtoto. Ilikuwa bado fupi. Kisha kwa muda ikawa fupi zaidi, na Tabibu akaweka vidole shingoni mwa mtoto. Halafu mtoto akakohoa, kikohozi kizito cha makohozi, kikafuata kingine, akalia. Kilikuwa kilio cha hasira, cha mtu aliyeamshwa vibaya.

Udamarit aliteremsha viganja masikioni. Hakugeuka.

"Huyo ni yeye?"

"Ni yeye, mama," Tabibu alisema. "Njoo."

Alikuja, akapiga magoti mbele ya benchi, na mtoto akamnyooshea mikono. Nakunda akamwachia. Udamarit alimkumbatia mwanawe, naye Tabibu akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Ndipo Sikio likasema, "Nakunda Mbwambo. Ili kufunga kikao: unathibitisha kwamba mama wa Gidageida amekufa na kwamba wewe ndiye mlezi wake?"

Hakuna aliyemtazama. Hilo ndilo lililomwumiza. Wangemtazama, angejua la kufanya. Tabibu bado alikuwa kwenye droo yake. Udamarit alikuwa anamwimbia mtoto kitu kwa lugha yake, ametimiza alilolitaka, hadai kitu kingine. Alikuwa ameishi bila Sikio mpaka leo na huenda angeendelea kuishi. Nakunda akaanza kuwaza kwa namna ambayo baadaye angeionea aibu: atasema nathibitisha, atarudi mjini, atakaa na wenzake, wataandika toleo jipya la kanuni taratibu, kwa akili. Mtu asiye na sauti hawezi kuandika kanuni yoyote. Atakuwa na faida gani kwa mtu akiwa amefutwa? Na mtoto, kwenye maandishi tu, atakuwa wake. Kwenye maandishi tu.

Bila shaka yule mwanamke wa dirishani naye alikuwa na sababu zake nzuri.

"Nakunda Mbwambo, unathibitisha?"

"Hapana," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Hapana. Nimesema uongo. Mama yake yuko hai, yuko hapa mbele yangu, ndiye aliyemshika. Alikataa kulitaja jina la tatu kwa sababu desturi yake inamkataza, na sisi tulimwekea dawa nyuma ya jina hilo. Kosa ni letu. Aliyelifanya ni mimi. Liandike hivyohivyo nilivyosema."

Tabibu aligeuka. "Mhandisi, unafanya nini?"

"Tayari, Tabibu."

"Maneno yako yamechukuliwa," lilisema Sikio. "Yatasomwa mbele ya Baraza lote, kama sheria inavyotaka. Kwaheri, Nakunda Mbwambo."

Taa tatu zikazimika. Kishikwambi kilichokuwa kwenye benchi kikafifia chenyewe. Nakunda akakiita, kwa mazoea tu, kama alivyokiita kila asubuhi, nacho hakikuamka. Akaliita Sikio. Hakuna. Alikuwa amezoea nchi nzima imwitikie, milango, magari, bomba la maji, na sasa akatambua kwamba gari lililomleta, lililoegeshwa pale nje, halitamfungulia mlango. Ofisini hataingia. Nyumba yake mwenyewe itamwuliza ni nani na haitasikia jibu. Akakaa sakafuni, akalia. Alilia waziwazi kwa sababu aliogopa, na hakuona haja ya kuficha.

Tabibu Tluway alimletea maji kwenye kikombe cha bati, akasimama karibu naye. Halafu akambeba Gidageida kumpeleka kitandani, mama akafuata nyuma.

Nakunda alitoka barazani. Upepo ulikuwa umepungua na chumvi ya ziwa ilikuwa imetulia. Simu ikatetemeka mfukoni. Kupokea iliweza, maana kupokea hakuhitaji sauti ya mtu. Akaiweka sikioni.

"Nakunda," Naetwe alisema, anahema. "Kengele imelia huku Barazani. Wameniletea sauti. Niambie siyo wewe."

"Ni mimi, Dada."

"Haloo?"

"Ni mimi. Nisikilize. Nilisema maneno yale yale aliyokusemea wewe yule mwanamke. Yalinitoka hivyohivyo. Sikuweza kuyaacha yakae."

"Haloo? Nakunda?" Sauti ya Naetwe ilipanda. Laini ile ilipitisha sauti zinazotambulika tu, na upande wa pili kulikuwa kimya kitupu. "Nakunda, kama upo hapo, fanya kitu. Gonga simu. Mdogo wangu. Nakunda."

Akaigonga kwa ukucha. Sikio halikupitisha ukucha. Akaendelea kugonga tu.

Udamarit alikuja kusimama karibu naye, shuka begani. Aliisikia ile sauti nyembamba ikitoka kwenye simu, inaita, inanyamaza, inaita.

"Nani huyo?"

"Dada yangu."

"Anamwita nani?"

"Ananiita mimi," alisema Nakunda, na hakuiondoa simu sikioni.